Kuhusu LDH ya Mama

Temeke, Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi, na pole na kuuguza. Picha ya majibu ya Mama nimeiona, na pale ulipozungushia kalamu, kwenye LDH, nimepaona pia. Nakuomba usimwambie mtu yeyote hapo nyumbani kwamba namba hiyo ndiyo hukumu.

LDH ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya karibu kila seli ya mwili. Seli ikiumia au ikifa, humwagika kwenye damu. Melanoma, ile saratani ya ngozi, ikishasambaa na kushika kasi, LDH nayo hupanda, na wagonjwa wa namna hiyo kwa wastani huishi muda mfupi kuliko wale ambao yao ni ya kawaida. Sikufichi. Ndiyo maana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imo katika vigezo vya kimataifa vya kupanga hatua za ugonjwa huu, ila kwa wale ambao saratani imeshafika viungo vya mbali. Mama hajaambiwa hivyo.

Tena karatasi haisemi kimeng'enya kimetoka wapi. Malaria hukipandisha, kwa sababu chembe nyekundu zinapasuka. Ini likiugua, hivyo hivyo. Hata uchukuaji wa damu: ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe hupasuka humo humo. Sisi wa maabara tunaiona kwa macho. Ukishaizungusha kwenye mashine, yale maji ya juu, badala ya kuwa ya manjano hafifu, yanakuwa mekundu kama juisi ya rozela. Sampuli hiyo ni ya kurudiwa. Na wewe umesema Mama alikuwa na homa wiki ile! Apimwe malaria, kisha LDH irudiwe.

Linaloniumiza zaidi ni kile kinyama kilichokatwa unyayoni. Majibu yake yako wapi? Uliza unene wa uvimbe kwa milimita, kama juu palikuwa na kidonda, na kama tezi za kinenani zimeguswa. Hayo yanatangulia kipimo cha damu. Wala usimlaumu Mama kwa kuchelewa. Kwetu weusi ugonjwa huu hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, na wengi hudhani ni mwiba au fangasi.

Akipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani hapa Dar es Salaam, mtafikia kwangu. Njoo na slaidi, vile vioo vya darubini, na vile vipande vya nta vyenye kinyama, siyo karatasi peke yake.

Msalimie sana.

Wako,
Rehema