Barua ya wakati wa janga la Korona kwa wanangu wa kufuma: hizo barakoa za kroshia zina matundu

Wanangu wa kikundi chetu cha kufuma, salamu sana. Najua mmechoka na hii Korona, hata mimi nimechoka, tangu Shirika la Afya Duniani liseme tarehe 11 Machi 2020 kwamba hili sasa ni janga la dunia nzima tumekuwa tunahesabu siku kama tunavyohesabu vitanzi. Nafurahi mmeshika sindano badala ya kukesha na simu mnasoma habari za vifo. Ila kuna jambo limenikaa rohoni.

Picha za barakoa mlizotuma nimeziona, rangi zimekaa vizuri jamani. Lakini hebu inua hiyo barakoa uielekeze kwenye taa. Unaona mwanga unapita? Basi na pumzi inapita hivyo hivyo, pamoja na vitone vya mate, maana kroshia ni kazi ya matundu hata ukaze uzi vipi. Msimpe mtu hiyo peke yake akatoka nayo akidhani amejikinga. Kroshia iwe urembo wa nje tu, ndani mshone barakoa ya kitambaa tabaka tatu, linalogusa mdomo liwe pamba, na juu ya pua mpitishe kawaya laini. Ukiona miwani inapata ukungu ujue pumzi inatokea juu, ikaze tena. Ikilowa badilisha, na kila siku ifuliwe kwa sabuni. Watoto chini ya miaka 2 msiwavalishe kabisa, wanaweza kukosa pumzi na hawajui kuivua.

Sasa hili la kukutana. Mimi nilimkaribisha mwenzetu mmoja ndani nimwonyeshe kufuma kona ya kile kipande cha mraba cha kroshia tu, kulikuwa na baridi tukafunga madirisha, tukakaa masaa mawili tunacheka tunapokezana sindano. Siku ya nne sisikii harufu, sabuni naiweka puani hamna kitu, nikalala wiki mbili nzima na kifua kizito, na yeye akaugua pia. Watu wakasema ni ile sindano tuliyoshikana. Kwa nilivyoelewa baadaye, sindano siyo mkosaji mkubwa, ni ile hewa ya chumba kilichofungwa tuliyokuwa tunavuta pamoja, mgonjwa anatoa virusi kwa pumzi hata kabla hajajijua kama anaumwa. Kwa hiyo msihangaike kupulizia dawa mabunda ya uzi halafu mkakaa watu wanane kwenye chumba kimoja. Kaeni nje, mwachane nafasi, na mvua ikinyesha kila mtu afumie kwake.

Mikono nawa kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kushika kazi. Sanitaiza iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60 na uiache ikauke kabisa kabla hujawasha jiko au pasi, inashika moto upesi sana. Inakausha vidole pia, uzi unaanza kunasa kwenye ngozi, jipake mafuta kidogo usiku. Na dawa ya klorini ya kufulia msiichanganye na siki hata siku moja, inatoa gesi ya sumu.

Mlioanza juzi, chukueni uzi mnene wa rangi nyepesi, uzi mweusi unaficha vitanzi mtu anakata tamaa bure wakati tatizo ni rangi tu. Hesabu kila ukimaliza mstari, usingoje kazi ianze kupinda. Pumzisheni vidole mara kwa mara, mkiona kifundo cha mkono kinauma wekeni chini.

Mtu akianza kuhema kwa shida, au kifua kikambana, hospitali hapo hapo, msingoje asubuhi.

Kuhusu ile kona ya mraba, wengi mnaikosea sehemu moja, mnasahau vile vitanzi vya hewa (vya mnyororo mtupu, visivyochomwa kwenye mstari wa chini) katikati. Jumamosi nitapiga vidio, simu naiweka juu ya mikono yangu ili muone sindano inavyoingia, na wanaotumia mkono wa kushoto nitawageuzia picha. Aliyeishiwa uzi aseme mapema, nitamwachia mlangoni.

Ni mimi bibi yenu.