Pikipiki zetu hazina pa kufungwa Darajani

Mhariri,

Ijumaa iliyopita jirani yangu alitoka msikitini Mji Mkongwe akakuta vespa yake haipo. Masikini, ndiyo iliyokuwa ikimpelekea watoto skuli. Alikuwa ameifunga usukani tu, na kufuli hilo huvunjika ukiuzungusha usukani kwa nguvu. Kinachosaidia ni mnyororo mnene uliopitishwa kwenye fremu, maana gurudumu hufunguliwa likaachwa hapo hapo. Tena mnyororo huo usilale chini, maana hapo nyundo huuvunja kirahisi.

Lakini tuufunge na nini? Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hazifai kutobolewa, nazo ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Naomba Baraza la Manispaa litusimikie nguzo za chuma Darajani, pembezoni mwa Mji Mkongwe, penye taa.

Mpanda vespa,
Kikwajuni, Unguja