Usonji hauishii chekechea

Mhariri,

Kila ifikapo Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani (usonji ndio autism, hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo), picha tunazoonyeshwa ni za watoto wadogo waliovishwa fulana za buluu. Wanapendeza. Lakini wangu ana ndevu.

Alipokuwa mdogo, akirukaruka na kupepea mikono kwenye vichochoro vya Langoni, watu walicheka wakampa visheti. Leo akifanya yaleyale anaitwa teja. Juzi vijana walitaka kumpekua mifuko pale gatini, eti ananong'ona peke yake huku akikodolea macho mashine ya boti.

Donald Triplett wa Marekani, mtoto wa kwanza katika maandishi ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943 kuhusu usonji, alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki, akaendesha gari, akacheza gofu. Hakupona usonji, watu wa mji wake walimzoea. Benki yenyewe ilikuwa na mkono wa jamaa zake, najua, na sisi hatuna benki ya ukoo.

Tuna vyuo vya ufundi, ila. Katiba ya Kenya ya 2010 imeikabidhi kaunti chekechea pamoja na vyuo hivyo vya vijijini, kwa hiyo mlango uliompokea mwanangu akiwa na miaka minne na huu wa sasa ni wa mwenyewe mmoja. Nilipobisha huu wa pili niliambiwa nimrudishe akishajifunza kutulia. Kutulia! Huyu hushona kofia ya mkono tangu alasiri hadi magharibi bila kuinua kichwa, na tundu zake zimelingana kuliko zangu. Kinachomshinda ni mngurumo wa mashine na kubadilishiwa kazi ghafla. Apewe kona mbali na jenereta, aonyeshwe kazi kwa mikono badala ya kuhutubiwa, na ratiba ya siku ibandikwe ukutani. Hakuna kinachohitaji bajeti hapo.

Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa aliyebahatika kuandikishwa, hazifiki mbali. Mimi nazeeka, na dada zake wana nyumba zao. Kucha zake bado nakata mimi, maana mkono wa mwingine haukubali.

Namwomba afisa wa kaunti anayesimamia vyuo vya ufundi ajibu humu gazetini: muhula ujao, ni chuo kipi kitakachompokea kijana wa aina hii, na nimpeleke kwa nani?

Mzazi,
Langoni, Lamu