Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi: pikipiki yangu inasoma namba za magari ya watu

Mheshimiwa Kamishna,

YAH: KAMERA ZA KUSOMA NAMBA ZA MAGARI KWENYE PIKIPIKI BINAFSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwendesha pikipiki wa kawaida, siandiki kwa niaba ya chama wala kampuni. Kwa miezi saba nimeendesha pikipiki yenye kamera zinazosoma namba ya kila gari linalopita karibu yangu. Kifaa nilikiunda mwenyewe. Muda wote huo hakuna aliyeniuliza namba hizo nazipeleka wapi, nazihifadhi kwa muda gani, wala nina haki gani ya kuwa nazo. Nimekuja kukuomba utuulize, mimi na wenzangu wote wenye vifaa kama hivi, na utuulize kwa kanuni iliyoandikwa.

Sikuanza kwa nia mbaya. Asubuhi moja nilikuwa nazunguka kipilefti, gari dogo jeupe likanipita kushoto kwa karibu mno, bampa yake ikapiga sehemu ya kuwekea mguu. Nilianguka upande wa kulia na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Nikiwa chini niliona taa za breki za gari lile zikiwaka, kisha zikazima, dereva akaenda zake. Nilibaki na rangi ya gari na herufi mbili za mwisho. Nilipokwenda kutoa taarifa, aliyenipokea alinisikiliza kwa utaratibu mpaka mwisho, halafu akafunga daftari: bila namba hakuna pa kuanzia. Wa bima walisema hivyohivyo. Nilikaa wiki sita mkono ukiwa umefungwa kifuani, na kila usiku nilikuwa najaribu kuzikumbuka tarakimu ambazo sikuwahi kuziona.

Kwa hiyo usinisome kama mtu anayetaka kamera zipigwe marufuku. Mtu wa kwenye pikipiki hana boneti mbele yake wala mlango ubavuni. Akigongwa anaumia yeye, na aliyemgonga anao muda wote wa kuondoka. Kumnyima hata ushahidi wa namba ni kumwonea mara ya pili.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wake kama wa kadi ya benki, imekaa chini ya siti ndani ya boksi lisilopitisha maji. Kamera moja iko juu ya taa ya mbele, nyingine juu ya kibao changu cha namba. Programu ya kusoma herufi ni ya chanzo huria, niliipakua bure. Usomaji wa namba kwa mashine ulibuniwa mwaka 1976 katika kitengo cha sayansi cha polisi wa Uingereza, na mwaka 1981 ndipo mtu wa kwanza alipokamatwa kwa msaada wake, kwa gari la wizi. Kilichokuwa mtambo wa serikali sasa kinaendeshwa na betri ya pikipiki.

Wiki tatu za mwanzo hakikusoma kitu. Injini inatetemesha kila kilichofungwa juu yake, na kamera za kawaida huchukua picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kibao kilichonyooka kilitoka kimepinda kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Niliweka vipande vya mpira chini ya kamera na kufupisha muda wa kila picha hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Usiku likaja tatizo jingine. Vibao hurudisha mwanga, basi taa yangu ilikuwa inakigeuza kila kibao kuwa doa jeupe. Nikapunguza mwanga kidogo kidogo, mpaka barabara nzima ikazama gizani na zikabaki namba peke yake, zimeelea katikati ya weusi, kila moja inasomeka. Usiku ule nilifurahi sana. Nilihisi sitaonewa tena.

Mheshimiwa, mwezi wa tatu tangu nikifunge, kifaa kililia kwenye helmeti. Nilikuwa nimekipa kazi ya kunishtua kila kinapoona namba yenye zile herufi mbili, na mbele yangu palikuwa na gari dogo jeupe. Nililifuata. Nilikunja linapokunja, nikapita njia ambayo sikuwa na shughuli nayo, kilomita nne nzima, na kifua kinanidunda. Kwenye taa nyekundu nikasimama ubavuni mwake nikainama kutazama ndani. Alikuwa bibi mmoja mtu mzima, ameushika usukani kwa mikono miwili. Aligeuka akaniona: helmeti nyeusi, kamera, jicho limemtulia. Nilisikia milango ikijifunga yote kwa pamoja, tak. Bampa yake ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nilipofika nyumbani na kuikuza picha, nikaona herufi ya mwisho haikuwa ile niliyoitafuta. Skrubu ya kufungia kibao ilipita katikati ya herufi, programu ikaisoma D kama B.

Yule bibi sijui jina lake na siwezi kumwomba radhi. Sauti ya ile milango ninayo mpaka leo.

Makosa ya aina hii yamewakuta hata wenye mafunzo na mitambo ya gharama kubwa. San Francisco, Marekani, mwaka 2009, kamera ya polisi ilisoma 3 kama 7 kwenye namba ya gari la mwanamke mmoja. Alisimamishwa kwa mitutu ya bunduki, akapigishwa magoti, akafungwa pingu, na gari lake halikuwa la wizi. Aurora, jimbo la Colorado hukohuko Marekani, Agosti 2020, namba ilisomwa sawasawa kabisa, lakini iliyoripotiwa kuibiwa ilikuwa pikipiki ya jimbo la Montana yenye namba ileile. Ndani ya gari alikuwamo mwanamke na wasichana wanne wa familia yake, mdogo wao ana miaka 6, na watoto wale walilazwa kifudifudi kwenye lami. Polisi angalau ana mkuu wake, na ana mahakama inayoweza kumwita. Mwendesha pikipiki mwenye hasira, peke yake barabarani, anamjibu nani?

Lakini hilo silo lililonifanya nikuandikie. Lililonifanya nikuandikie lilikuwa kwenye faili.

Programu ile huandika kila inachokisoma: namba, saa, na mahali kwa mujibu wa GPS. Kila gari lina mstari wake. Sikuiagiza ifanye hivyo, ndivyo ilivyokuja, na sikuwahi kujali. Mwezi wa saba betri ikawa inaisha upesi, nikalifungua faili kutafuta tatizo. Mistari ilipita laki moja. Nikaipanga kwa namba, nione magari yanayojirudia, nikakutana na gari moja lililosomwa mara 63. Lilikuwa linapita sehemu ileile kati ya saa 12:40 na 12:50 asubuhi, siku zote za kazi isipokuwa Alhamisi. Alhamisi lilikuwa limeegeshwa nje ya kliniki ninayopita njiani. Kisha wiki mbili halionekani kabisa, si njiani, si kliniki. Kisha linarudi, lakini sasa linapita saa 3 kasoro, na Alhamisi halisimami tena.

Sikuwa nimemfuatilia mtu huyo. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Hata hivyo nilijua ana ugonjwa au ana mgonjwa, nikajua na wiki ambayo jambo lilitokea. Nilijikuta namsikitikia mtu ambaye hajawahi kuniambia neno. Niliifunga kompyuta nikatoka nje, nikasimama.

Hebu mweke mahali pangu mtu aliyeachwa na mkewe na asiyekubali kuachwa. Anaingiza namba moja tu kwenye orodha, na kifaa kitamwambia yule mwanamke hupita wapi, saa ngapi, na siku zipi hulala pengine. Kisha waweke waendesha pikipiki mia mbili wanaotuma mafaili yao kwenye seva moja, kwa moyo mwema kabisa, wakisema wanasaidiana kutafuta vyombo vilivyoibiwa. Sisi hupenya kila uchochoro, huegesha popote na hupita pale ambapo gari la doria halifiki. Hakuna serikali ambayo ingeweza kufunga kamera kila mahali tunapopita, na sisi tungekuwa tumeifanya kazi hiyo bila kutumwa.

Wako watakaokwambia dawa yake ni kuzigeuza namba kuwa misimbo isiyorudi nyuma, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa kuwa namba ya awali, na kwamba faili la namna hiyo halimdhuru mtu. Usilikubali jibu hilo. Nililijaribu. Namba zenye herufi tatu na tarakimu tatu haziwezi kuzidi 17,576,000 kwa jumla, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa msimbo uleule ndani ya dakika chache, kisha ikalinganisha moja moja na zilizofichwa. Kilichofichwa kinafichuka chote.

Kinachofaa kimekwisha kufanyika kwingine, tena kwa polisi wenyewe. Sheria ya New Hampshire, Marekani, inataka namba iliyosomwa ifutwe ndani ya dakika 3 kama haihusiani na kosa lolote. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika uamuzi wa tarehe 11 Machi 2008, ilidai namba isiyo na kosa ifutwe papo hapo, na mwaka 2018 ikaenda mbele zaidi ikasema hata kule kuisoma tu na kuilinganisha ni kugusa haki ya mwenye gari. Kuhusu sisi raia, iko kesi iliyotoka Jamhuri ya Cheki, ya mtu aliyefunga kamera nyumbani kwake baada ya madirisha yake kuvunjwa. Kamera iliwanasa watuhumiwa. Pamoja na hayo, tarehe 11 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayotazama njia ya umma haiwezi kuitwa jambo la binafsi la nyumbani, ingawa ilikubali kwamba haki ya mtu kulinda mali na familia yake nayo ipimwe. Ile ilikuwa kamera ya ukutani. Ya kwangu haina ukuta, kutwa nzima inatazama njia ya umma.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni hiki. Tamka waziwazi kwamba kifaa cha kusoma namba kwenye chombo cha binafsi kinaingia chini ya sheria unayoisimamia, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya neno "matumizi binafsi". Kisha weka kikomo cha kumbukumbu. Kifaa kisome, kishike dakika chache za mwisho, na kijifute chenyewe mfululizo, kama kamera za kwenye dashibodi zinavyofuta picha za zamani ili kupata nafasi. Mwendeshaji akigongwa abonyeze kitufe, au pikipiki ikilala kihisi kifanye hivyo kwa niaba yake, na dakika zile zihifadhiwe pamoja na picha yenyewe, si namba iliyosomwa tu, maana picha ndiyo itakayoonyesha ile skrubu. Ushahidi huo uende polisi na kwa bima, na wao walazimike kuupokea. Usiende kwenye kundi la simu wala kwenye seva ya pamoja.

Orodha ya namba za kushtuliwa mwenye chombo binafsi asiruhusiwe kuwa nayo kabisa. Hapa nitapingwa na wenzangu, hasa walioibiwa pikipiki, na nawaelewa. Nami nilikuwa na orodha yenye herufi mbili tu, ikanipeleka kilomita nne nyuma ya bibi asiye na hatia.

Mzigo mkubwa wabebe watengenezaji na wauzaji. Watu wengi hawafungui mipangilio, wanatumia kitu kama kilivyotoka kwenye boksi. Kifaa kikitoka kinakumbuka kila kitu, kitakumbuka kila kitu, kama changu.

Faili langu nimelifuta, na memori kadi nimeivunja vipande viwili kwa koleo. Programu nimeibadilisha, sasa inashika dakika 2 tu kisha inaanza upya. Lakini hakuna aliyenilazimisha, na nikibadili nia kesho nitahitaji kufuta mstari mmoja tu wa maelekezo. Yule mwenye gari la Alhamisi hastahili kutegemea hali ya moyo wangu.

Niko tayari kuileta pikipiki ofisini kwako pamoja na kifaa, nyaya na programu yote, wataalamu wako wakifungue na kukipima wenyewe. Kibao cha kufanyia majaribio chenye skrubu katikati ya D nitakuja nacho. Naomba nipangiwe siku.

Wako mtiifu,

Mwendesha pikipiki