Neema, nenda kapime choo

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Siku ile nilikwambia Elia ameanguka, nikakata simu kwa sababu mama alikuwa ameketi karibu. Yaliyobaki hayasemeki kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Alianguka bombani, yuko kwenye foleni ya maji. Ana miaka 26 na hata utotoni hakuwahi kupata degedege. Watu walitawanyika, unajua wanavyoliogopa lile povu, eti ukiligusa tu na wewe umeupata. Ni mzee mmoja muuza mkaa aliyemlaza ubavu. Usiku tukaambiwa katupiwa jini, mganga akala elfu 60 zetu. Zahanati nako wakatupa dawa ya malaria. Akaanguka tena mara mbili.

Hospitali kubwa ndiko alikopigwa CT, ile picha ya kichwa. Daktari aliiinua ile picha dirishani: viduara vitatu. Viwili vyeusi, kila kimoja kina nukta nyeupe ndani, ndogo kama punje ya ulezi. Cha tatu cheupe tupu, kimeshageuka chokaa. Ile nukta, akasema, ni kichwa cha mnyoo. Tegu wa nguruwe, ndani ya ubongo. Wakachukua na damu ili kuhakikisha.

Mama akaruka: "Huyu Msabato! Kitimoto hajagusa tangu kidato cha pili!" Na ni kweli. Kumbe miaka yote hii nimelielewa jambo hili kichwa chini miguu juu. Ukila nyama yenye mnyoo ambayo haikuiva, tegu anakulia utumboni, basi. Anayefika kwenye ubongo ametoka kwenye yai, na mayai hutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yakapita mikononi, kwenye mboga, kwenye maji. Swali halikuwa Elia amekula nini. Swali lilikuwa nani anampikia.

Neema, anayempikia ni mimi.

Nyumba nzima tukapewa vikopo vya choo. Changu ndicho kilichokutwa na mayai. Na vipande vya tegu nilikuwa nikiviona chooni tangu mwaka jana, bapa, vyeupe, kama tambi zilizolowa. Nikajiambia ni minyoo ya kawaida, nikaona aibu kuuliza. Daktari ni mtu mwema. Alisema hakuna anayeweza kuapa ni mimi, maana vile vivimbe hukaa kimya hata miaka kadhaa kabla mtu hajaanguka. Lakini kachumbari ya nyumba hii naikata mimi. Kabla ya kunipa prazikwanteli, dawa ya tegu, alinihoji sana kama nimewahi kuanguka au kuumwa kichwa kisichoisha, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuwachokoza walioko kichwani, kama wapo.

Matibabu ya Elia nilidhani ni vidonge tu. Muuza duka la dawa alishatuuzia albendazo, zile za minyoo, bahati nzuri Elia hakuzimeza. Mnyoo akifa ghafla, ubongo unavimba kumzunguka, na hapo mtu anaweza kuzidiwa. Kwa hiyo kwanza alichunguzwa macho, kwani kukiwa na kivimbe ndani ya jicho dawa inaweza kumpofua. Akapimwa na kifua kikuu, kwa sababu dawa ya kuzuia uvimbe hushusha kinga. Akaanza hiyo ya uvimbe, ndipo ikafuata albendazo miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, siku 14, wodini. Siku ya tatu kichwa kilimuuma hadi akalia. Kile cha chokaa hakiguswi na dawa, kimeshakufa, ila kinaweza kuendelea kumwangusha, hivyo vidonge vya kifafa haachi. Picha nyingine ni baada ya miezi 6.

Elia anajua. Nilimwambia mwenyewe. Juzi kaniletea nyanya na vitunguu, akasimama mlangoni akinitazama nanawa, sabuni mpaka kwenye kucha. Hakusema kitu. Akavuta kigoda, akala.

Sasa wewe. Unakumbuka ile sahani ya kitimoto ya Ijumaa ile, nyama ilikuwa bado nyekundu katikati, tukakamulia ndimu tukamaliza? Tulikula wote. Nenda kapime choo, na usipike kwa dada mpaka upate majibu. Nipigie Jumatano, mama atakuwa kanisani.

Wako,
Rehema