Mchele hautoi chumvi kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Siku hizi simu ikizima, pesa imo humo, namba za watu zimo humo, hata tokeni za umeme wa LUKU zimo humo. Basi mtu huhangaika na kila ushauri wa jirani, na simu nyingi zinazoletwa kwa mafundi hapa Ngamiani zimeuliwa na huo ushauri.

Wa kwanza ni kufukia simu iliyolowa kwenye mchele. Simu ikitumbukia baharini pale Raskazone, maji hukauka lakini chumvi hubaki kwenye bodi ya ndani, na kwa hewa yetu ya pwani hiyo chumvi huvuta unyevu tena. Halafu mwenyewe anachomeka chaji aone kama imepona! Umeme wa volti 5 ukipita kwenye chumvi yenye unyevu, pini inayoubeba ndiyo huliwa kwanza. Mulika tochi kwenye tundu la chaji, utaiona kutu ya kijani. Zima simu, toa laini na memori kadi, iwahishe kwa fundi siku hiyo hiyo ifunguliwe, betri ichomolewe, bodi isuguliwe kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi ina maji mengi mno.

Wa pili ni kuchokoa kwa sindano. Chaji isiyokamata mpaka upinde waya, mara nyingi ni vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa ndani. Zima simu, chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano hugusanisha pini na kuunguza IC (chipu) ya chaji, na hapo bei si ile tena. Betri iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa, huwaka moto.

Wakati simu janja iko kwa fundi, mkombozi ni kitochi, ile simu ndogo ya vibonyezo. Akaunti ya pesa imefungamana na laini, na menyu ya nyota na reli hufunguka humo vilevile. Ila tunzeni ile fremu ya plastiki inayokuja na laini, kwani laini ndogo ikisukumwa peke yake kwenye tundu la kitochi hukwama na kung'oa pini. Majina yaliyohifadhiwa kwenye simu hayahami na laini, kwa hiyo namba muhimu ziandikwe karatasini. Na kitochi chenyewe kichajiwe walau mara moja kwa mwezi, maana betri iliyolala tupu drooni miezi mingi haiamki.

Mafundi simu,
Ngamiani, Tanga