Greda la kisasa haliuawi na kompyuta, linauawa na pipa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua tuseme neno kuhusu mitambo mizito inayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Kwenye yadi na gereji kuna usemi kwamba ekskaveta na magreda ya siku hizi “ni ya kompyuta, hayafai kwetu”. Usemi huo unawaliwaza wenye mali. Ukifungua pampu iliyokufa, mara nyingi unachokikuta ndani ni kutu na mchanga.

Nozeli za injini za zamani zilifunguka kwa presha ya baa 200 hivi. Komoni reli ya leo, yaani bomba moja (reli) linalotunza dizeli ya presha kubwa na kuigawa kwa nozeli zote, inafanya kazi kwa baa 1,600 mpaka 2,000, nyingine zaidi. Ili presha hiyo isivuje, vyuma vinavyoteleza ndani ya nozeli vimeachiana nafasi ya maikroni chache tu, na unywele wa binadamu una kama maikroni 70. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho inakwangua humo, nozeli inaanza kurudisha mafuta mengi tankini, reli haifikishi presha, na asubuhi mashine inagoma kuwaka. Fundi anabadili betri, kisha stata, kisha anailaani kompyuta.

Ugonjwa wenyewe huanzia kwenye pipa. Pipa likisimamishwa wima juani, mvua ikinyesha maji hukusanyika juu kuzunguka kizibo. Usiku pipa linapopoa, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta maji yale yapite kwenye nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Lilaze, vizibo viwili viwe usawa mmoja, kushoto na kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Siku moja kabla ya kulitumia lisimamishe litulie, na bomba la kunyonyea liishie sentimita 10 juu ya kitako. Yale ya chini usiyaonee huruma. Jioni jaza tanki la mashine, kwa sababu tanki tupu katika unyevu wa Pwani hutoa jasho usiku, na asubuhi fungua koki ya kichungi cha maji kabla ya kugusa ufunguo.

Kuna tabia moja ya gereji zetu inayoua nozeli kuliko zote: kujaza filta mpya mafuta ya kidumu kabla ya kuifunga, eti kurahisisha kutoa upepo. Mafuta unayoyamimina kwenye tundu la katikati yanaingia upande ambao tayari umechujwa, kwa hiyo uchafu wa kidumu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Filta ifungwe tupu, upepo utolewe kwa pampu ya mkono, hata ikichukua dakika kumi na mkono ukauma.

Nyingine ni ya hatari kwa fundi mwenyewe. Zamani ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, ulilegeza bomba la nozeli injini ikiunguruma. Kwa baa 2,000 mafuta yanapenya ngozi kama sindano, na kidonda kinachoonekana kidogo kinaweza kumpotezea mtu mkono. Zima, subiri angalau dakika kumi, ndipo ushike spana. Silinda ijaribiwe kwa kifaa cha kusomea kompyuta, na kifaa hichohicho ndicho cha kuingizia namba iliyoandikwa kwenye kichwa cha nozeli mpya. Namba hiyo isipoingizwa, injini nyingi hutoa moshi au hutetemeka ingawa nozeli ni nzima.

Kuhusu umeme wenyewe, fundi mwenye multimita ya kawaida anaweza mengi. Sehemu kubwa ya mitambo hii hutumia mtandao uitwao J1939: nyaya mbili zilizosokotwa, mara nyingi ya njano na ya kijani, zinazounganisha injini, haidroliki na dashibodi. Kila mwisho una rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya omu 120. Zima umeme wote, pima kati ya tundu C na D kwenye soketi ya matundu 9. Ukipata 60, njia ni nzima. Ukipata 120, rezista moja haipo au waya umekatika mahali. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ile taa ya kupimia yenye balbu iwekeni kando, kwani sensa zinakula volti 5 na balbu inaweza kuiunguza kompyuta. Na kabla ya kuchomelea bakuli la mashine, chomoa betri na soketi za kompyuta, ethi uibane jirani kabisa na unapochomelea.

Sasa ununuzi. Injini zilizopangwa kwa usafi wa moshi katika daraja la Stage V la Ulaya, lililoanza 2019, na Tier 4 Final la Marekani zimetengenezwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni Ulaya na 15 Marekani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2012 kiliruhusu mpaka 50. Salfa ikizidi huudhoofisha mfumo wa kusafisha moshi, na mashine inayoachwa ikiunguruma bila kazi mchana kutwa haipati joto la kuchoma masizi yaliyonaswa kwenye ekzosi. Hapo ndipo mtu anaitwa “akate”, yaani auondoe mfumo huo na kufuta programu yake, na mashine inabaki na kompyuta ambayo hakuna anayejua ilichoandikiwa. Ukiona kifuniko cha buluu kando ya tanki, jua inakunywa pia mchanganyiko wa urea safi ya asilimia 32.5. Mbolea ya dukani iliyokorogwa na maji ya bomba haifai, na hata mchanganyiko halisi ukihifadhiwa kwenye kontena la nyuzi 35 hudumu kama miezi sita tu. Kwa mkandarasi asiye na uhakika wa hayo, Tier 3, daraja la kabla ya hayo, iliyotunzwa ni chaguo la akili, na zabuni za serikali ziandike daraja la injini na haki ya kupata kifaa cha kuisoma, si nguvu za farasi peke yake.

Mashine za betri zinakuja. Vijiko vidogo vya tani mbili unusu vyenye kilowati-saa 20 vingefaa mitaro ya Kariakoo. Ila ekskaveta ya tani 20 inayokunywa lita 15 kwa saa hula lita 120 kwa siku ya saa nane, na hata ukitoa joto linalopotea, hiyo ni kazi ya kilowati-saa zaidi ya 400. Nani atavuta umeme huo mpaka kwenye machimbo ya kokoto?

Kwa anayenunua wiki hii: mwambie muuzaji achomeke kifaa, atoe orodha ya hitilafu zilizohifadhiwa. Kompyuta nyingi huandika mashine ilikuwa imefanya kazi saa ngapi kila hitilafu ilipotokea. Dashibodi ikionyesha saa za kazi 4,100 na hitilafu ikawa imeandikwa kwenye saa za kazi 9,400, anzeni upya mazungumzo ya bei.

Mafundi wa mitambo,
Temeke, Dar es Salaam